Gari Moja kwa Siku: Somo la Usafiri kwa Sisi Tunaotoka Vijijini

Wanachuo wenzangu, nianze na swali jepesi. Ukitaka kwenda mjini kutoka hapa chuoni, huwa unaangalia saa? Huangalii. Unatoka getini, unapunga mkono, bajaji inasimama, unakaa, safari. Ikikupita moja, nyingine iko nyuma yake. Sasa mfikirie mtu ambaye gari lake linapita mara moja tu kwa siku, na likishaondoka basi, mpaka kesho. Mtu huyo ni bibi yangu, na makala hii nimeiandika kwa sababu yake.

Bibi anaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo, huku kwetu Iringa. Ana presha, na kila mwezi anatakiwa kuhudhuria kliniki mjini. Mwaka jana alikosa kliniki miezi miwili mfululizo. Nilipompigia simu kumuuliza, akanijibu kwa utani wake wa siku zote, "Mume wangu, miguu imechoka." Mimi nikaona ni ukaidi wa wazee. Nikamwambia maneno ambayo leo nayajutia, kwamba asipojali afya yake asitulaumu sisi. Mwezi wa tatu alianguka shambani. Mungu saidia, alipona, ila mkono wa kushoto haujarudi sawasawa.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa nikaanza kuipigia hesabu safari yake, kwa kutumia madesa yaleyale ya kozi ya usafirishaji niliyoyasoma ili nifaulu mtihani tu. Nilichokiona ndicho ninachotaka tujifunze pamoja.

Gari linalala wapi?

Hili ni swali la kwanza ambalo mtu wa mjini hafikirii kuliuliza. Gari la kijijini kwetu linalala kijijini. Linaondoka saa kumi na moja alfajiri, linafika mjini kama saa tatu asubuhi, linageuza saa saba mchana, linarudi kijijini saa kumi na moja jioni. Ukiangalia njia nyingi za vijijini katika nchi yetu utakuta mpango unaofanana na huo. Si mpango wa kijinga. Umetengenezwa kwa ajili ya mwanakijiji mwenye shida mjini: auze viazi, anunue mbolea, alipie ada, arudi siku hiyohiyo.

Ila angalia upande wa pili. Mwalimu au mganga anayeishi mjini hawezi kwenda kijijini na kurudi siku hiyohiyo, maana gari linakwenda kinyume chake. Akienda leo mchana, lazima alale. Ndiyo maana wale tuliopangiwa field shule za mbali tulihamia hukohuko na magodoro yetu. Mahali gari linapolala ndipo panapoamua nani atasafiri kwa urahisi na nani ataumia.

Na kwa bibi, dirisha la mjini ni saa nne tu, kuanzia saa tatu hadi saa saba. Namba za kliniki zinaanza kutolewa saa moja asubuhi. Wanaokaa jirani wanaziwahi. Bibi akifika saa tatu na dakika zake anapewa namba ya sitini na kitu. Anaonwa saa nane, na gari limeondoka saa saba. Bodaboda wanamtajia 40,000, pesa ambayo hana. Kwa hiyo analala kwa mtu, au anajikunyata kwenye benchi mpaka kesho mchana. Kliniki ya dakika kumi inamla siku mbili, na kuku nyumbani hawajalishwa. Huo ndio "uchovu wa miguu" aliokuwa akiniambia.

Hesabu ya dereva

Wengi tukisikia gari ni moja, tunasema wenye magari wana roho mbaya, waongeze. Hebu tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, nimezirahisisha ili zifuatike.

Tuseme njia ina Coaster yenye siti 26, nauli 5,000. Kwenda na kurudi, ukijumlisha mafuta, posho ya dereva na konda, matairi, matengenezo, ushuru wa stendi na hesabu ya tajiri, gharama inafika 220,000 kwa siku. Ili isile hasara inahitaji abiria 44 kwa siku, yaani 22 kila upande. Tuseme pia kijiji kinatoa abiria 30 wa kwenda na 30 wa kurudi. Gari moja likiwapakia wote 60 linapata 300,000. Wanane wamekaa juu ya madumu na magunia, lakini tajiri anacheka.

Sasa tulete gari la pili. Abiria ni walewale 60, kila gari linapata 30. Mapato 150,000, gharama 220,000. Kila gari linapata hasara ya 70,000 kwa siku. Baada ya wiki moja mmoja wao anaondoka, na tunarudi palepale pa gari moja lililojaa.

Utasema basi lije gari dogo. Haya, tulete Noah, gharama yake tuiweke 80,000. Ikipakia abiria saba kila upande, levo siti, inapata 70,000. Imekula hasara. Ili ifike 80,000 inahitaji abiria 16, wanane kila upande. Umeona tatizo lilipo? Kwa mfano huu, Noah inayofuata sheria haiwezi kuishi kwenye njia ile. Ndiyo maana dereva anakubana wanne kwenye siti ya watatu na mtoto unampakata. Trafiki akimkamata analipa, kesho anarudia, kwa sababu hesabu haijabadilika. Simtetei, kujaza kupita kiasi kunaua watu. Nasema tu kwamba faini peke yake haijibu swali ambalo chanzo chake ni uchache wa abiria.

Na uchache huo hauepukiki. Kwa sensa ya 2022, Dar es Salaam ilikuwa na zaidi ya watu 3,000 kwa kila kilomita ya mraba. Mkoa wa Iringa una watu wapatao 1,190,000 katika eneo la kilomita za mraba kama 35,500, na sehemu ya eneo hilo ni hifadhi. Gawanya mwenyewe: ni watu 33 au 34 kwa kilomita ya mraba. Mtu anayetaka kuleta huku mfumo wa Dar kama ulivyo, mabasi ya mwendokasi na kila kitu, hajaifanya hiyo gawanya.

Kusubiri nako ni nauli

Kuna mchumi wa Marekani, Herbert Mohring, aliyeandika mwaka 1972 jambo ambalo wahadhiri wanaliita kwa jina lake mpaka leo. Kwa lugha yetu ni hivi. Abiria halipi nauli ya mfukoni tu, analipa na muda wake wa kusubiri. Kama magari yanapita kila baada ya dakika 10 na wewe unatokea kituoni bila mpango, kwa wastani utasubiri nusu yake, dakika 5. Yakipita kila saa moja, utasubiri dakika 30. Abiria wakiongezeka, magari yanaongezwa, pengo linapungua, na hata wale waliokuwepo mwanzo wanasubiri kidogo zaidi. Kila abiria mpya anamsaidia mwenzake bila kujua.

Hiyo ndiyo neema ya mjini. Mahali penye watu wachache mambo yanakwenda kinyume. Abiria watano wakihamia bodaboda, Coaster inakaribia hasara. Tajiri anaipeleka njia nyingine, au anaamua iende siku mbadala. Pengo linakuwa kubwa, abiria wengine wanakata tamaa, na gari linazidi kukosa watu. Hakuna aliyefanya kosa, kila mmoja kachagua kinachomfaa, na mwisho wake njia inakufa.

Hapa kuna somo dogo ambalo mimi lilinifumbua macho. Mjini huhitaji ratiba, kwa sababu magari ni mengi. Kijijini ratiba ndiyo kila kitu. Gari moja kwa siku linaloondoka saa inayojulikana lina faida kuliko magari mawili yanayoondoka "yakijaa". Gari linaloondoka likijaa limehamisha gharama yake kwako: badala ya lenyewe kusafiri na siti tupu, wewe unakaa ndani saa mbili ukinunua karanga. Mwenye kwenda sokoni anaweza kuvumilia. Mwenye kuwahi kliniki, mtihani au usaili, hawezi.

Tulikotoka

Tusidhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Miaka ya 1970 usafiri wa umma ulikuwa mikononi mwa serikali. Mwaka 1974 liliundwa shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, kwa ajili ya jiji, na Kamata, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, kwa safari za mikoani. Wazee wetu bado wanayakumbuka. Nguvu ya mfumo ule ilikuwa kwamba njia yenye faida iliweza kuibeba njia isiyo na faida, kwa sababu mfuko ni mmoja. Udhaifu wake nao tunaujua: vipuri havikupatikana, magari yakafa, watu wakabaki vituoni. Mwaka 1983 watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria kihalali Dar es Salaam, na daladala, ambazo tayari zilikuwa zinafanya kazi kwa kujificha, zikachukua barabara.

Leo anayesimamia ni LATRA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Inatoa leseni kwa gari na njia yake, na inapanga kikomo cha nauli. Hayo yote yanamdhibiti aliyekwisha kuja barabarani. Lakini leseni haiwezi kumlazimisha tajiri apeleke gari mahali ambapo hesabu inakataa. Njia yenye faida sasa ina tajiri wake na njia yenye hasara haina mwenyewe. Mfuko ule mmoja uliokuwa unazibeba zote haupo tena.

Bodaboda: mshindani au mshirika?

Mimi sitawasema vibaya bodaboda. Kabla yao, mama mjamzito alibebwa kwenye machela au baiskeli. Wamefika mahali ambapo gari la magurudumu manne halifiki, na wamewapa kazi vijana wengi wa rika letu. Ugomvi wa daladala na bajaji tunaousikia miji kama Mbeya unatokana na jambo lilelile tulilolipigia hesabu: abiria wale wale, wagawanaji wameongezeka.

Swali sahihi ni umbali gani wafanye. Pikipiki inabeba mtu mmoja, kwa hiyo gharama yote iko juu yake peke yake. Kwa kilomita tatu hujaumia. Kwa safari ya saa nne, bibi anaambiwa 40,000 badala ya 5,000, na hapo sijataja vumbi, mvua na hatari ya ajali. Kwa hiyo bodaboda akimleta abiria kutoka kitongojini hadi njia panda kulikuta gari, anamlisha mwenye gari na yeye anakula. Akimchukua moja kwa moja hadi mjini, leo amepata pesa nyingi, ila amechangia kuliondoa gari ambalo lingemletea abiria wa kila siku.

Na hili linafanyika tayari bila waraka wa mtu yeyote. Pale njia panda ya kwetu, saa kumi jioni huoni pikipiki. Saa kumi na nusu zimefika kumi na mbili, zimepangwa mstari. Vijana wanajua gari linakaribia, na konda akiwa na wazee ndani huwa anapiga simu kabisa: "Leo wako wengi, msiondoke." Huo ni muunganiko.

Uswisi wamejenga nchi nzima juu ya wazo hilohilo. Mabasi yao ya posta yalianza kubeba watu kwa injini mwaka 1906, na tangu 1982 reli yao inafuata ratiba inayojirudia kila saa, ili basi la kijijini lifike stesheni dakika chache kabla ya treni na liondoke dakika chache baada yake. Wao wana pesa, na serikali zao zinalipia siti tupu. Sisi hatuna hizo pesa. Lakini kukutanisha vyombo viwili kwa saa moja hakuhitaji pesa za Uswisi, kunahitaji watu kukubaliana.

Tunachokijua tayari: mnada

Kuna jambo jingine ambalo tunalo na hatulipi heshima yake. Mahali penye watu wachache, huwezi kuwasogeza wakae karibu, lakini unaweza kuwakusanya kwa siku. Mnada unafanya hivyo tangu zamani. Kijiji ambacho siku za kawaida kinatoa abiria kumi, siku ya mnada kinatoa mia. Siku hiyo magari yanakuja yenyewe, hayabembelezwi, mpaka Probox zile ambazo sehemu nyingine zinaitwa mchomoko. Hesabu iliyokataa Jumatatu inakubali Alhamisi.

Na gari la kijijini halibebi watu tu. Juu kuna magunia ya viazi na njegere, nyuma kuna vifaranga kwenye boksi, konda mfukoni ana dawa za mtu, fomu za shule za mwingine, na pesa iliyofungwa kwenye karatasi yenye jina. Mizigo hiyo ndiyo inayoziba pengo la siti. Ukitunga sheria ya kukataza mizigo yote kwenye gari la abiria bila kufikiri, umeua njia.

Sasa jiulize: kama mnada unaweza kuvuta magari, kwa nini huduma nyingine zisipangwe kwa akili hiyo? Kwa nini siku ya kliniki, siku ya benki, na siku ya afisa wa pembejeo kufika kijijini zisiangukie siku ya mnada? Huduma za mkoba tunazijua, wahudumu wa afya wanazifanya kwa chanjo za watoto. Mahali penye watu wachache, kupanga usafiri na kupanga huduma ni kazi moja. Ukiwaachia watu wa barabara peke yao, watakutengenezea barabara nzuri ya kufika umechelewa.

Turudi kwa bibi

Nilipomaliza hesabu yangu niliona kwamba sina uwezo wa kumletea bibi gari la pili, na hata likija litaondoka. Sina uwezo pia wa kumwambia dereva aondoke saa kumi usiku, wala asubiri hadi saa tisa, kwa sababu barabara ile gizani na mvua siitamani kwa mtu yeyote. Kitu pekee kilichobaki ni namba ya sitini.

Nikaenda na bibi kliniki. Nikamwamkia mama mmoja muuguzi wa makamo, nikamweleza kwa adabu: mama, huyu gari lake linafika saa tatu na linaondoka saa saba, hakuna jingine. Aliniangalia kama dakika nzima. Kisha akaniuliza, "Wako wangapi wa gari hilo?" Sikuwa na jibu. Nikatoka nje kwenye benchi nikauliza mmoja mmoja. Walikuwa saba. Saba, wa gari moja, wote na namba za mwisho, na watatu kati yao walikuwa wamelala pale tangu jana.

Sikuleta mapinduzi yoyote. Yule mama alianza kuzitenga kadi za watu wa magari ya mbali, na wakifika saa tatu anawaingiza kati. Akiwa zamu nyingine, utaratibu unasahaulika na wazee wanarudi kwenye benchi. Wanaokaa jirani nao wamelalamika kwamba wao wamewahi, na siwezi kusema hawana hoja. Lakini mwezi uliopita bibi alionwa saa nne na nusu. Saa saba alikuwa kwenye siti yake, na jioni akanipigia kusema kuku wamelala wameshiba.

Kazi ya likizo

Tunakaribia kufunga chuo. Wengi wetu tutapanda gari moja kwa siku kurudi nyumbani. Naomba ufanye mambo matatu, hata kama husomi mambo ya usafirishaji.

Kwanza, uliza gari la kwenu linalala wapi, halafu andika nani anafaidika na nani anaumia. Pili, hesabu abiria kwenda na kurudi kwa siku tano, ukitenganisha siku ya mnada na siku nyingine. Tatu, tafuta huduma moja mjini ambayo saa zake zinagongana na saa za gari hilo: hospitali, mahakama, benki, ofisi ya vitambulisho. Kisha nenda kamuulize mwenye huduma swali ambalo mimi nilishindwa kulijibu mara ya kwanza, ila nenda ukiwa na jibu lake mkononi: wako wangapi wa gari hilo?